Waliopelekwa Buenos Aires

Daftari langu la mwaka 2016 bado ninalo. Ni daftari la kawaida la shule, kurasa 96, na ndani yake nilikuwa nikinakili kwa penseli, kila wikendi, matokeo ya Super Rugby, ligi ya raga ya timu za nchi kadhaa. Ukurasa wa Julai una duara nililolikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Ndani ya duara mna namba mbili, pointi za timu mbili kwenye jedwali: 53 na 52. Ya kwanza ni ya Hurricanes wa Wellington, New Zealand. Ya pili ni ya Lions wa Johannesburg. Walipishana kwa pointi moja tu, na pointi hiyo ndiyo iliyoamua nani atapanda ndege na nani atalala kwake.

Nieleze kidogo kwa asiyefuatilia raga. Ushindi una pointi nne, sare ina mbili, na kuna pointi moja ya nyongeza kwa timu iliyofunga trai nyingi (trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, alama tano) au iliyoshindwa kwa tofauti ndogo. Anayemaliza kileleni mwa jedwali hucheza mechi zake zote za mtoano nyumbani, hadi fainali. Katika ligi ya nchi moja hiyo ni faida ya kawaida. Lakini Super Rugby ya mwaka huo ilikuwa na timu 18 kutoka Afrika Kusini, New Zealand, Australia, Argentina na Japani. Saa za Wellington ziko mbele ya za Johannesburg kwa saa kumi. Mchezaji akitua huko, tumbo lake linadai chakula cha mchana wakati wenyeji wake wanazima taa walale.

Lions niliwapenda kwa sababu walikuwa wametoka mbali. Mwaka 2013 walitolewa kwenye ligi na nafasi yao wakapewa Kings, timu nyingine ya Afrika Kusini. Mwaka mzima wakakaa nje wakitazama wenzao. Waliporudi 2014 chini ya kocha Johan Ackermann, walirudi na raga ya kukimbiza mpira hata wakiwa wamebanwa kwenye mstari wao wenyewe. Faf de Klerk, yule mfupi mwenye nywele za manjano, alikuwa namba tisa, na Elton Jantjies namba kumi. Na mimi niliyecheza propu, mtu wa safu ya mbele, miaka yangu yote, miaka ya kuinamisha shingo kwenye skramu, ule msukumano wa timu mbili zilizoshikana, niliwapenda zaidi kwa ile safu yao ya mbele. Ilikuwa inasukuma kama watu wanaotoa lori kwenye matope.

Raundi ya mwisho ya msimu wa kawaida ilipofika, Lions ndio waliokuwa kileleni. Mechi iliyobaki ilikuwa Buenos Aires, ugenini kwa Jaguares, ng'ambo ya Atlantiki. Robo fainali ya nyumbani walishaipata, hakuna ambaye angewanyang'anya. Ackermann akapiga hesabu. Akawaacha nyumbani karibu wachezaji wake wote wa kikosi cha kwanza wapumzike, akapeleka Argentina kikosi cha pili. Wakafungwa alama 34-22. Wikendi hiyo hiyo Hurricanes walikwenda Christchurch wakawapiga Crusaders 35-10 kwenye uwanja wao. Jedwali likafungwa: 53 kwa 52. Sare tu kule Buenos Aires ingewatosha Lions.

Mwanzoni ilionekana kocha hakukosea. Wale waliopumzishwa walirudi Ellis Park na nguvu mpya, wakawatoa Crusaders 42-25 kwenye robo fainali, wakawatoa Highlanders 42-30 kwenye nusu. Ni timu mbili za New Zealand wikendi mbili mfululizo, kwenye uwanja ulio mita zaidi ya 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa Nairobi tunaijua hewa ya namna hiyo. Mgeni huanza vizuri, anakimbia, anatamba, halafu karibu na dakika ya sitini unamwona ameshika magoti.

Kisha ikabidi wafunge safari. Nusu fainali ilichezwa Jumamosi Johannesburg, na Jumamosi iliyofuata ilikuwa fainali Wellington. Toa siku ya safari yenyewe, toa siku ambazo mwili haujui ni asubuhi au ni usiku, uone zinabaki siku ngapi za kufanya mazoezi. Hurricanes wiki hiyo walikuwa wanalala kwenye vitanda vyao.

Fainali niliitazama Nairobi, saa nne na kitu asubuhi ya tarehe 6 Agosti, kwenye mkahawa mmoja karibu na Ngong Road ambako mwenyewe alikuwa akitufungulia mapema tukimwomba. Mbele yangu chai na mandazi, kwenye runinga mvua na upepo wa Wellington. Mipira ya Jantjies ilikuwa inapigwa juu na kurudi kama imekataliwa. Lions, waliofunga alama 42 mara mbili mfululizo, walipata penalti moja dakika zote themanini. Ikaisha 20-3. Hurricanes walibeba kombe lao la kwanza bila kufungwa trai hata moja katika mechi zote tatu za mtoano.

Nilimkasirikia Ackermann. Nilirudi nyumbani nikachora lile duara. Nilijiambia kwamba fainali ile ilipotezwa wiki tatu kabla, Buenos Aires, na aliyeipoteza ni mtu aliyeandika majina kwenye karatasi. Rafiki yangu mmoja, aliyekuwa winga wetu, alinikumbusha kwamba Hurricanes hao hao walikwenda Ellis Park mwezi wa nne wakaondoka na ushindi wa 50-17, kwa hiyo nyumbani si dawa. Sikutaka kumsikia. Leo nakubali alikuwa na hoja, na fainali ya mwaka uliofuata iliipa hoja yake uzito. Nitafika huko.

Kilichonibadilisha mimi ni safari ya Mombasa.

Ilikuwa 2018, mwaka wangu wa mwisho kuvaa viatu vya njumu. Goti la kulia lilikuwa limeshaanza kunisimanga ngazini, kwa hiyo nilikuwa nusu mchezaji, nusu msaidizi wa kocha. Timu yetu ilikuwa ndogo, ya wanaume wenye kazi zao, na tulikuwa tunapigania kupanda daraja. Ratiba ilitupa Mombasa Jumamosi moja, na Jumamosi inayofuata nyumbani dhidi ya timu tuliyokuwa tunafukuzana nayo. Kocha aliniita Jumatano baada ya mazoezi, tukakaa kwenye gari lake. Akasema, "Wakubwa wanane wabaki." Akanitajia mmoja mmoja. Mimi nilikuwa na risiti ya mafuta mfukoni, nikaigeuza, nikaandika nyuma yake majina ya watakaosafiri. Nilipomaliza nikaona nimeandika watoto. Hooka wetu, yule anayesimama katikati ya safu ya mbele, alikuwa na miaka kumi na tisa, na hajawahi kuanza mechi hata moja.

Tuliondoka Nairobi Ijumaa saa nne usiku kwa basi. Treni ilikuwepo, lakini nauli ya watu ishirini na wawili ilikuwa imetushinda. Yule hooka alikaa kando yangu. Hakulala. Kila nilipofumbua macho, Mtito Andei, Voi, Mariakani, nilimkuta anazungusha mkanda wa bandeji kidoleni, anaufungua, anauzungusha tena. Alfajiri tulipoingia Mombasa joto lilitupokea mlangoni mwa basi kama mtu aliyekuwa anatungoja. Akaniuliza, "Mzee, kwani hii mechi ni ya kushinda?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia acheze.

Kwenye kiti kile cha basi ndipo nilipomwelewa Ackermann. Kocha aliyepewa mechi mbili na miili ya kutosha mechi moja hana uamuzi mzuri wa kufanya. Ana uamuzi wa mechi ipi aipoteze. Na hasira yangu nilikuwa nimeielekeza kwa mtu aliyeandika majina, wakati swali lilikuwa kwa aliyeandika tarehe.

Hebu tuitazame ratiba yenyewe ya Super Rugby ya miaka ile, maana mimi nadhani ndiyo iliyoiua ligi ile tuliyoizoea. Kuanzia 1996 hadi 2010 mambo yalikuwa rahisi: kila timu inakutana na kila timu mara moja, basi. Ukiwa wa tatu, wewe ni wa tatu kweli, umeshapimwa na wote. Mwaka 2011 wakaleta makundi ya kinchi, na 2016, timu zilipofika 18, wakayagawa makundi kuwa manne: la New Zealand, la Australia, na mawili ya Afrika, ambamo Jaguares wa Argentina na Sunwolves wa Japani walihesabiwa kama Waafrika. Kila timu ilicheza mechi 15. Kwa mechi 15 huwezi kukutana na wapinzani 17, kwa hiyo kundi moja la Afrika lilipangiwa Waaustralia na jingine likapangiwa New Zealand. Mwaka uliofuata wakabadilishana.

Kwenye karatasi hilo linaonekana ni haki. Shida ni kwamba New Zealand na Australia ya miaka ile zilikuwa mbingu na ardhi. Mwaka 2017 timu za Australia zilicheza na za New Zealand mara 26, na zikapoteza zote 26. Zote. Kwa hiyo aliyepangiwa Australia alipewa njia ya lami, na aliyepangiwa New Zealand akapewa njia ya mawe, kisha wote wakapangwa kwenye jedwali moja kana kwamba wamepita barabara moja.

Stormers wa Cape Town ndio walioonja kwanza. Mwaka 2016 waliongoza kundi lao bila kukutana na timu hata moja ya New Zealand. Wakastahili robo fainali nyumbani, Newlands, mbele ya watu wao. Wageni walikuwa Chiefs kutoka Hamilton, New Zealand. Ikaisha 60-21. Nakumbuka sura za mashabiki zikioneshwa kwenye runinga kipindi cha pili. Walikuwa wameambiwa na jedwali kwa miezi mitano kwamba timu yao ni ya kuogopwa, na jedwali halikuwadanganya kwa namba hata moja. Lilikuwa limewaficha tu ni nani hawajakutana naye.

Mwaka 2017 ikawa zamu ya Lions kupita njia ya lami. Walishinda mechi 14 kati ya 15 na safari hii wakamaliza kileleni, pointi 65 dhidi ya 63 za Crusaders. Mechi pekee waliyopoteza ilikuwa tena Buenos Aires. Kwenye msimu wa kawaida hawakukutana na New Zealand kabisa. Wakati huo huo Brumbies wa Canberra, wenye pointi 34, waliandaa robo fainali nyumbani kwa kuwa waliongoza Waaustralia, na waliosafiri kuwafuata walikuwa Hurricanes wenye pointi 58. Hurricanes walishinda 35-16, lakini ushindi haufuti safari. Wiki iliyofuata wakajikuta Johannesburg wakicheza nusu fainali mwezi ule ule, mabara mawili, na Lions wakawafunga 44-29. Nilishangilia, nisiseme uongo. Ila nikifungua ukurasa ule leo naandika pembeni: walifika wamechoka.

Fainali ilikuwa Ellis Park, uwanja umejaa, na safari hii Crusaders ndio waliovuka bahari. Kila nilichokuwa nimekililia mwaka uliotangulia nilipewa. Kabla ya mapumziko Kwagga Smith wa Lions akamgonga David Havili wa Crusaders akiwa hewani akidaka mpira, akaoneshwa kadi nyekundu. Watu 14 hawawezi kuifukuza timu kama ile, ingawa walijaribu mpaka mwisho, na mwinuko ukawasaidia wakafunga trai mbili Crusaders walipoanza kuhema. Ikaisha 25-17. Winga wetu alinipigia simu, lakini hakunicheka. Alisema tu, "Unaona?" Niliona. Ratiba inaweza kukupa nyumba, haiwezi kukupa mechi. Lakini bado nasema kila mtu apewe nafasi sawa ya kuipata hiyo nyumba.

Mwaka 2018 timu zilipunguzwa hadi 15, makundi yakawa matatu, na Lions, kwa kuwa waliongoza kundi lao, wakapangwa wa pili kwa pointi 46 mbele ya Hurricanes wenye 51. Wakaenda fainali ya tatu mfululizo, Christchurch, wakafungwa 37-18. Sina mengi ya kusema juu ya mechi ile. Crusaders walikuwa bora.

Wakati wa janga la korona timu kubwa nne za Afrika Kusini zilihamia kaskazini, kwenye United Rugby Championship, pamoja na Ireland, Wales, Scotland na Italia. Nilifurahi. Niliona angalau saa zinalingana: mtu anapanda ndege Johannesburg jioni, anaamka Ulaya, mwili wake bado unajua ni asubuhi. Na kila timu inakutana na kila timu walau mara moja, mechi 18, hakuna kumkwepa mtu. Msimu wa kwanza, Juni 2022, Stormers na Bulls wa Pretoria wakacheza fainali Cape Town na Stormers wakashinda 18-13. Nilidhani tatizo limekwisha.

Lilikuwa limebadilisha nguo. Sasa kila timu inakutana na kila timu, ila swali ni timu ipi imekuja. Klabu za Ireland zina ligi hii na zina Kombe la Mabingwa wa Ulaya, na kila Aprili kombe linaangukia juu ya ligi. Tarehe 22 Aprili 2023 Leinster, waliokuwa wanaongoza ligi kwa mbali, walishuka Pretoria na vijana wao, wakubwa wakiwa wameachwa Dublin kuingoja nusu fainali ya Ulaya na Toulouse ya Ufaransa. Bulls waliwafunga 62-7. Pointi tano kamili kwa Bulls. Sasa mwambie shabiki wa timu iliyokuwa inafukuzana na Bulls, iliyokutana na Leinster kamili, kwamba hizo ni pointi tano sawa na nyingine. Leinster waliwapiga Toulouse wiki iliyofuata, na bado msimu uliisha bila kombe lolote.

Mwaka mmoja baadaye Bulls wenyewe wakawa upande wa pili. Walicheza Pretoria na Lyon ya Ufaransa kwenye Kombe la Ulaya, ambalo timu za Afrika Kusini nazo zilikuwa zimeshaingizwa, wakashinda, na zawadi ya kushinda ikawa robo fainali Northampton, Uingereza, siku saba baadaye, kisha kurudi Pretoria kucheza mechi ya ligi na Munster ya Ireland wiki inayofuata. Jake White, kocha aliyeipa Afrika Kusini Kombe la Dunia 2007, aliwaacha nyumbani wengi wa kikosi chake cha kwanza. Northampton walishinda 59-22. Robo fainali ya kombe kubwa kuliko yote ya klabu Ulaya, ikachezwa na watu walioambiwa kwa orodha tu kwamba mechi yenye maana ni nyingine. Na hiyo nyingine, dhidi ya Munster, Bulls waliipoteza pia, 27-22.

Watu wengi walimshambulia White mtandaoni. Niliandika mara mbili nikitaka kumtetea, nikafuta. Nilikuwa namfikiria mtu mwingine kabisa, yule aliyevaa jezi siku ile. Kijana wa miaka ishirini na mbili anayesimama mbele ya uwanja uliojaa Waingereza wanaoimba, akijua kwamba rafiki zake wakubwa wako nyumbani wananyosha miguu. Tukiongea habari za ratiba tunaongea pointi, jedwali, haki za runinga. Hatusemi kwamba kila kalenda iliyojaa kupita kiasi inahitaji watu wa kwenda kufungwa, na kwamba watu hao wana majina. Nimejaribu mara nyingi kuvikumbuka vikosi. Kile cha Lions cha fainali ya Wellington naweza kukutajia nusu yake bila kufungua kitu. Kile kilichocheza Buenos Aires sikukiandika.

Ninachotaka si kigumu. Mechi zipungue. Kati ya safari ndefu na mechi inayofuata kuwe na wikendi moja ya kupumua. Na jedwali linapotumika kugawa viwanja vya nyumbani, liwe la timu zilizopita njia moja. Waliokuwa wanaitazama ligi kabla ya 2011 wanajua inawezekana, kwa sababu waliiona.

Mombasa tulifungwa 41-8. Yule hooka alirusha lainauti, mipira ya kurudishwa uwanjani kutoka pembeni, kumi na tatu, nikazihesabu, nne zikaibiwa, moja ikaenda kwa mshika kibendera. Lakini zile alama nane, tano zilikuwa zake. Dakika ya sabini tulisukuma skramu kutoka mita tano hadi mstarini, mpira ukakwama miguuni, akauangukia juu ya mstari na wanaume wawili mgongoni. Alipoinuka alinitafuta mimi kwa macho. Kwenye basi la kurudi alilala kabla ya kufika Mazeras, mdomo wazi, bandeji bado kidoleni.

Jumamosi iliyofuata wakubwa wanane walirudi wamepumzika, tukashinda, tukapanda daraja. Kuna picha ya siku ile, sote tumekumbatiana matope mpaka nywele. Yeye hayumo. Alikuwa amebeba kreti la chupa za maji kando ya uwanja, na aliyepiga picha alisimama akiwa amempa mgongo.